Mchanga Uliochanwa

Basi limeniteremsha kwenye kituo kisicho na kibanda.
Dereva, kijana mwenye pete puani, hakuniuliza naenda wapi.
Zamani barabara hii ilikuwa na kizuizi, na aliyekilinda
alikuwa mimi, miaka kumi na tisa, masikio yamenitoka nje ya kofia,
mtoto wa wafuga kondoo wa milima ya Naryn
aliyekuwa hajawahi kuona maji yasiyo na ng'ambo.
Walinipa kisiwa hiki kwa miezi ishirini na minne.
Saaremaa: jina nililolitamka kama mtu anayetafuna barafu.

Kazi yetu ilikuwa kuchana ufuo.
Usinicheke. Kila jioni farasi mmoja, Malish,
alikokota reki ya mbao yenye upana wa watu wanne,
nami nyuma yake nikiutazama mchanga ukinyooka
mstari kwa mstari, kama nywele za msichana wa shule,
hadi kule miambani, ambako sajenti Gudkov
alisimama na saa yake, akitema maganda ya alizeti.
Asubuhi tuliusoma.
Nyayo za shakwa. Za mbweha. Za sungura aliyeghairi safari.
Nyayo za mtu zilikuwa na maana moja tu:
ng'ambo kuna Uswidi.

Seng'enge imeng'olewa. Mnara wa lindo umebaki na miguu mitatu,
na juu yake korongo wamejenga.
Bweni letu sasa ni nyumba ya wageni.
Namsalimu mwenye nyumba kwa Kirusi, lugha pekee tunayochangia,
nauona uso wake ukifunga madirisha.
"Mimi Mkirgizi," nasema.
"Nyote mlikuwa na kwenu," asema Bi Leida.
"Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tuliomba kibali
kwenda kuiona bahari iliyokuwa nyuma ya banda letu la kuku."
Ananipa ufunguo uliofungwa kwenye kipande cha mreteni.
Chumba namba nne. Nalipia usiku mmoja
mahali nilipolala usiku mia saba bure.

Sikuja kwa ajili ya chumba.
Oktoba, mwaka wa themanini, ukungu mzito,
mimi na Zurab, Mjojia aliyekuwa akikoroma hata akiwa macho.
Nyayo mbili zilitoka kwenye misonobari:
kubwa, yenye kiatu; ndogo, peku.
Katikati ya ufuo ile ndogo ikakoma,
na kubwa, kuanzia hapo, ikazama zaidi mchangani.
Ikaenda hivyo, nzito, hadi majini.
Bastola ya kurushia mwali ilikuwa kiunoni mwa Zurab.
Hakuigusa. Nami sikumwambia aiguse.
Tulimgeuza Malish, tukachana upya.
Gudkov alikuja, akatazama, akatema ganda, akaandika: *Safi.*
Hatukulizungumza tena. Zurab aliniandikia mara moja tu,
barua ndefu, yote juu ya mizabibu.

Mezani, namuuliza Bi Leida. Nataja mwezi. Nataja ukungu.
Anafuta glasi iliyokwisha kukauka.
"Wengine walituletea kadi," asema. "Wengine
waliletwa na mawimbi." Kisha, baada ya muda:
"Chai yako inapoa."

Mchana wote nimekaa juu ya jiwe la sajenti.
Watoto wamevuruga kila kitu. Nyayo juu ya nyayo,
mbwa, mpira, mama anayemkimbiza mtoto asiyetaka kuvaa kofia.
Macho yangu, mpumbavu mimi, bado yanahesabu
zinazoelekea majini, zinazorudi.

Nimeamka saa kumi alfajiri bila kuamshwa, saa ya zamu.
Nimevua viatu mlangoni nisimwamshe mwenye nyumba.
Mchanga baridi. Nimetembea moja kwa moja,
mguu wa kushoto ukiburura kama kawaida yake siku hizi,
ushahidi wa wazi kabisa kwa yeyote mwenye kurunzi.
Maji yamenifika magotini.
Yana chumvi kidogo sana; nimeyaonja.
Miaka miwili niliyalinda, na sikuwahi hata kuyagusa.